Upasuaji wa kupunguza uzito: Dawa ya maumivu iwe tiba, isigeuke sumu

MGONJWA aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito jijini Dar es Salaam, akirejea nyumbani Mchinga mkoani Lindi, huwa ameweka kilomita zipatazo 400 kati yake na daktari aliyemshona. Nyumbani atawakuta ndugu na majirani waliokuja kumjulia hali, duka la dawa na ushauri wa kila namna. Maumivu yakimzidi usiku, dawa ya kwanza itakayotajwa huenda ikawa diklofenaki.

Kidonge hicho, ambacho watu wengi humeza kwa ajili ya mgongo, magoti au kichwa, ndicho ambacho mgonjwa huyo hapaswi kukigusa bila idhini ya daktari wake. Kwa tumbo lililopunguzwa au kuunganishwa upya kwa upasuaji, dawa za kundi hilo zinaweza kuleta vidonda, kutoboa tumbo au kusababisha damu kuvuja ndani.

Hiyo haina maana kwamba mgonjwa avumilie maumivu. Mtu mwenye maumivu makali hapumui vizuri, hatembei na hanywi maji ya kutosha. Matokeo yake yanaweza kuwa homa ya mapafu, damu kuganda miguuni na upungufu wa maji mwilini. Maumivu yanapaswa kutulizwa, ila kwa dawa inayofaa, kwa kipimo chake, na kwa kufahamu ni maumivu gani hayatakiwi kunyamazishwa nyumbani.

Upasuaji huu ni upi?

Upasuaji wa kupunguza uzito hufanywa kwa watu wenye unene uliokithiri, hasa wale ambao unene umewaletea kisukari, shinikizo la damu au kukatika kwa pumzi usingizini. Upasuaji wa kukwepesha chakula tumboni ulianzishwa na daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukifanywa kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo zima.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilianza kutoa huduma za kupunguza uzito katika miaka ya 2020, kwa kuweka puto tumboni na kwa upasuaji. Kabla ya hapo, aliyetaka huduma hiyo alilazimika kuitafuta zaidi nje ya nchi, India ikiwa miongoni mwa nchi zilizokimbiliwa.

Tatizo lenyewe si la watu wachache tena. Utafiti wa Taifa wa Afya na Demografia wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, kiasi cha robo tatu hadi asilimia 80, na kubakiza mrija mwembamba kama mkono wa shati. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kikwepe sehemu iliyobaki. Ya tatu si upasuaji: ni puto linaloingizwa tumboni kwa mpira kupitia kinywani, likajazwa maji na kuondolewa baada ya miezi kadhaa, mara nyingi sita.

Mgonjwa lazima ajue jina la alichofanyiwa. "Nilipunguzwa tumbo" ni maelezo yasiyotosha kwa mganga wa zahanati atakayemwona baadaye, kwa kuwa dawa anazoruhusiwa na hatari zinazomkabili hutofautiana kulingana na njia iliyotumika.

Maumivu ya kawaida yakoje?

Maumivu huwa makali zaidi katika siku moja hadi tatu za mwanzo, kisha hupungua siku hadi siku. Baada ya wiki moja, wengi waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo huhitaji parasetamoli tu, au hawahitaji dawa kabisa. Waliopasuliwa tumbo wazi huchukua muda mrefu zaidi.

Baadhi hushangaa kuumwa bega, ilhali aliyepasuliwa ni tumbo. Sababu ni hewa ya kaboni dioksaidi inayojazwa tumboni wakati wa upasuaji ili daktari apate nafasi ya kuona. Hewa hiyo huchokoza kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na maumivu husikika begani. Huisha yenyewe katika siku chache, na kutembea hupunguza makali yake.

Waliowekewa puto hupata msokoto wa tumbo, kichefuchefu na kutapika, hasa katika siku tatu za mwanzo. Hao hupewa dawa ya kuzuia kutapika na ya kupunguza tindikali, na wao pia hutakiwa kuepuka diklofenaki na jamii yake.

Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: maumivu yanayopungua kila siku ni ya kawaida. Maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakaanza kupanda yanamhitaji daktari, si kidonge kingine.

Kwa nini diklofenaki ni hatari?

Diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini, piroksikamu, meloksikamu na aspirini ni dawa za jamii moja. Hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na uchungu. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake yenyewe.

Kwa aliyeunganishwa kifuko na utumbo, hatari ni kubwa zaidi. Utumbo mwembamba haukuumbwa kupokea tindikali moja kwa moja, na pale penye maungio ndipo kidonda huanza. Kidonda hicho kinaweza kuvuja damu au kutoboka, hata miaka kadhaa baada ya upasuaji. Ndiyo maana wagonjwa wa aina hii huelekezwa kuepuka dawa hizo maisha yao yote.

Kwa aliyebakiziwa mrija wa tumbo, baadhi ya madaktari huruhusu dawa hizo kwa siku chache chini ya uangalizi wao, pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Uamuzi huo ni wa daktari wake, si wa muuzaji wa dukani wala wa jirani aliyepona mgongo.

Yapo mambo matatu ambayo huwanasa wagonjwa.

Kwanza ni sindano. Wengi huamini kuwa diklofenaki ya sindano haidhuru tumbo kwa kuwa haikupita kinywani. Si kweli. Dawa hiyo hufanya kazi kupitia damu, na huondoa kinga ya tumbo hata ikichomwa kwenye nyonga.

Pili ni dawa za mchanganyiko. Diclopar, ambayo watu huiita diklopa, ina diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Vidonge vingi vya kichwa na mafua huchanganya parasetamoli, aspirini na kafeini. Mgonjwa asome maandishi madogo chini ya jina la kibiashara, au amwombe muuzaji amsomee kila kilichomo.

Tatu ni mazoea. Watu wengi wenye uzito mkubwa walikuwa wakitumia dawa hizi kwa miaka kwa ajili ya magoti kabla ya upasuaji. Akiba iliyobaki kabatini iondolewe kabla mgonjwa hajarudi nyumbani. Anayemeza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amuulize daktari.

Dawa zinazofaa

Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, kipimo cha kawaida ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita. Visizidi vidonge vinane kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe hupangiwa kipimo kidogo zaidi.

Katika siku za mwanzo, parasetamoli hufaa zaidi ikinywewa kwa saa zilizopangwa kuliko kusubiri maumivu yawe makali. Daftari dogo la kuandika saa na idadi ya vidonge huzuia kurudia dozi kwa kusahau. Kuzidisha parasetamoli huharibu ini, na dalili zake zinaweza kuchelewa kwa siku mbili au zaidi.

Kidonge cha kawaida cha parasetamoli kinaweza kusagwa na kuchanganywa na maji kidogo. Cha kuyeyuka kwa mapovu kiachwe hadi mapovu yaishe. Dawa ya maji ya watoto pia hutumika, ila kipimo chake kihesabiwe na mfamasia, na ikumbukwe kuwa ina sukari.

Si kila kidonge kinasagwa. Dawa zilizotengenezwa ili zitoke polepole mwilini hazisagwi, kwa kuwa dozi ya siku nzima itaingia kwa mara moja. Kapsuli ya omeprazo, inayotolewa kulinda tumbo, inaweza kufunguliwa, lakini chembechembe zake zisipondwe.

Dawa kali zaidi kama tramado, kodeini na mofini hutolewa kwa cheti cha daktari na kwa siku chache. Huleta usingizi, kichefuchefu na choo kigumu, na zikitumiwa muda mrefu huleta utegemezi. Kwa mtu ambaye pumzi humkatika usingizini, jambo la kawaida kwa wenye unene uliokithiri, dawa hizi zinaweza kupunguza upumuaji kwa kiwango cha hatari. Hazichanganywi na dawa za usingizi wala pombe.

Mambo yasiyohitaji dawa

Kutembea ni sehemu ya matibabu. Mgonjwa huanza kusimama siku ile ile ya upasuaji au kesho yake, na nyumbani hutembea mara kadhaa kwa siku, hata kama ni kutoka chumbani hadi barazani. Hupunguza gesi, huamsha utumbo na huzuia damu kuganda.

Wakati wa kukohoa au kuinuka, mto ukandamizwe taratibu tumboni. Kulala kwa kuegemea mito hupunguza mvuto kwenye mshono. Kunyanyua ndoo, kutwanga na kulima huahirishwa hadi daktari aruhusu.

Maumivu mengi ya wiki za mwanzo hutokana na kunywa au kula haraka. Maji hunywewa kwa mafundo madogo siku nzima, na hayachanganywi na chakula. Mlo huanza na vimiminika, huja vilaini, kisha vigumu kwa utaratibu wa wiki kadhaa utakaotolewa na hospitali. Muhogo mkavu, ugali mgumu na pweza si vyakula vya mwezi wa kwanza, hata mwenyeji akiviandaa kwa upendo.

Tumbo lisichuliwe. Mafuta na mikono ya mchuaji, vinavyosifika kwa kuondoa uchovu, vinaweza kuumiza mshono wa ndani ambao haujashika. Dawa za miti shamba zisitumiwe kutuliza maumivu, kwa kuwa athari zake kwa tumbo lililoshonwa hazijapimwa.

Sigara na tumbaku huongeza sana uwezekano wa vidonda kwenye maungio. Pombe huingia kwenye damu kwa kasi zaidi baada ya upasuaji, kwa hiyo kikombe kimoja cha uraka au mnazi kinaweza kumlevya mtu ambaye zamani hakikumtikisa.

Mwezi wa Ramadhani nao unahitaji kufikiriwa mapema. Tumbo dogo haliwezi kufidia maji ya mchana kutwa wakati wa futari, na upungufu wa maji huumiza figo. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye. Azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Safari ya kurudi Lindi

Wagonjwa wanaotoka mbali hushauriwa kukaa karibu na hospitali hadi miadi ya kwanza, kwa ndugu au mahali pa kupanga. Ushauri huo una uzito wake kwa watu wa pwani ya kusini. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya viliharibu barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika wilaya ya Kilwa, na mawasiliano yakakatika. Anayepanga tarehe ya upasuaji aangalie pia msimu wa mvua.

Ndani ya basi, mgonjwa akunje na kukunjua nyayo mara kwa mara, ashuke na kutembea kila basi linaposimama, na anywe maji kidogo kidogo. Safari ndefu ya kukaa, kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, inaweza kugandisha damu miguuni. Bodaboda katika barabara ya mashimo si usafiri wa wiki za mwanzo.

Dalili zisizosubiri

Hatari kubwa ya siku za mwanzo ni mshono wa ndani kuvuja. Hutokea kwa wachache, mara nyingi ndani ya wiki mbili, lakini kwa aliyebakiziwa mrija huweza kuchelewa zaidi. Dawa ya maumivu inaweza kuficha dalili zake na kumpotezea mgonjwa saa za thamani.

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

- Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, au yasiyotulia kwa dawa aliyopewa.

- Mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika akiwa ametulia. Vidole viwili huwekwa kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu kwa dakika nzima.

- Homa, kutetemeka au jasho jingi.

- Kushindwa kupumua vizuri, au maumivu ya kifua.

- Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu.

- Kutapika kusikokoma, au kushindwa kunywa maji kwa siku nzima.

- Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.

- Mkojo wa rangi ya buluu kwa mwenye puto lililojazwa maji yenye rangi, ishara kwamba puto limepasuka.

Homa inahitaji tahadhari ya pekee. Katika ukanda wa pwani ya kusini, homa huitwa malaria kabla haijapimwa. Kipimo kifanyike, lakini hata kikionyesha malaria, mganga aelezwe kuwa mgonjwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Mtu anaweza kuwa na malaria na mshono unaovuja kwa wakati mmoja.

Kosa jingine ni kusubiri basi la kwenda Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Mchinga, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi ni karibu zaidi. Huko mgonjwa anaweza kuanzishiwa maji ya mishipa na dawa za kuua vijidudu, huku madaktari wakiwasiliana na waliomfanyia upasuaji na kupanga rufaa ikihitajika. Kusini zaidi, mjini Mtwara, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini.

Maumivu ya baadaye

Maumivu makali yanayokuja na kuondoka baada ya kula, miezi au miaka baadaye, nayo yasidharauliwe. Kupungua uzito kwa kasi huleta vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Aliyekwepeshwa utumbo anaweza kupata utumbo kujisokota ndani, hali inayohitaji upasuaji wa dharura. Kutapika kwa muda mrefu kunakofuatwa na miguu kufa ganzi au kuyumba ni dalili ya upungufu wa vitamini B1, ambao husababisha ulemavu usipotibiwa mapema.

Dawa za presha na kisukari huhitaji kupunguzwa kadiri uzito unavyoshuka. Kizunguzungu, jasho na njaa ya ghafla kwa mwenye kisukari vinaweza kuwa sukari iliyoshuka, si uchovu wa upasuaji.

Karatasi ya mfukoni

Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa karibu na vijiji. Lakini muuzaji hawezi kujua kilicho ndani ya tumbo la mteja asipoambiwa. Matundu madogo ya upasuaji hupona, na baada ya mwaka mmoja hata mganga anaweza asiyaone.

Kwa hiyo, kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa aiombe hospitali karatasi yenye mambo manne: jina la upasuaji, tarehe yake, dawa zisizoruhusiwa na namba ya simu ya wodi au kliniki. Nakala moja ibaki nyumbani kwa mtu anayemhudumia, na nyingine ikae pamoja na kadi ya matibabu.

Na kila atakapoandikiwa dawa, kuuziwa au kuchomwa sindano, iwe ni ya jino, goti au homa, sentensi yake ya kwanza iwe ile ile: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, situmii diklofenaki wala jamii yake." Asiyeweza kusema, mhudumu wake aseme kwa niaba yake.